Nguzo ya Katikati

Nyuma ya milima ile ambayo watu wa pwani huiita ya mbali na watu wa bara huiita ya karibu, ipo nchi ya Mwinuko. Anayebisha aende, miguu ni yake. Bi Sikujua binti Mbwana alikwenda, na njia yake haina hadithi: alipanda, akashuka, miguu ikavimba, akafika.

Kilichompeleka ni mdogo wake, Zamoyoni, aliyeolewa huko tangu ujana. Habari zilimfikia Bi Sikujua kwamba masika yamekaribia na Zamoyoni anataka kukata nguzo inayoshikilia paa lake, kwa hiari yake, akiwa na akili zake timamu. Bi Sikujua hakuielewa habari hiyo. Na jambo asilolielewa lilikuwa linamwasha kama upupu, hatulii mpaka aende akalitazame kwa macho.

Mtu wa kwanza kukutana naye mjini alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, amebeba mgongoni kiti kirefu kuliko mnazi mchanga. Alipomwona mgeni alisimama, akakishusha kile kiti, akakisimika, akaitikisa miguu yake minne mmoja mmoja, akapanda, akaketi, akafuta jasho, akakohoa.

"Vingapi?" akauliza toka juu.

"Vingapi nini, baba?"

"Vidato, bibi. Kiti chako kina vidato vingapi? Nitakusalimu vipi na sijui kimo chako?"

Bi Sikujua akafikiri. Kiti alichokuwa nacho nyumbani ni mbuzi ya kukunia nazi. "Kimoja," akasema. "Lakini kina meno."

Kijana akakunja uso. "Meno ni ya taaluma gani?"

"Ya nazi."

"Basi mimi ninacho kiti cha vidato vitano. Wewe ndiye wa kunishikamoo."

"Shikamoo, mjukuu wangu."

"Marahaba," akaitikia kijana bila haya hata kidogo, akashuka, akakibeba kiti chake, akaenda zake. Salamu hiyo ilichukua muda wa kuchemsha birika la chai, na ndiyo sababu watu wa Mwinuko husalimiana mara chache.

Nyumba ya Zamoyoni aliitambua kwa Zamoyoni mwenyewe, aliyekuwa uani anapepeta mchele. Kwa nyumba asingeitambua. Palipokuwa na mlango pananing'inia kanga. Madirisha yalikuwa matundu tu, fremu hazipo. Chumba cha wageni kilikuwa na kuta nne na mbingu. Kilichobaki na paa ni chumba cha kati peke yake, na paa hilo limeegemea nguzo moja nene ya mvule, iliyong'aa kwa kushikwa na mikono ya watu wa nyumba hiyo miaka nenda miaka rudi.

"Mmevamiwa?" Bi Sikujua akauliza.

"Tumesomesha," akajibu Zamoyoni, na uso wake ulikuwa na fahari kabisa.

Wakakaa, wakanywa maji, na mume wa Zamoyoni, Mzee Kibwana, akamweleza shemeji yake sheria za nchi. Katika Mwinuko mtu husoma kwa kupanda. Walimu huketi juu sana na husema kwa sauti ndogo, kwa hiyo anayetaka kusikia somo lazima apate kiti cha kumfikisha kwenye midomo yao. Kila ngazi ya masomo ni kidato kimoja, na kidato ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mbao za kiti hazinunuliwi. Lazima zitoke katika nyumba aliyozaliwa mwanafunzi, ili ijulikane kwamba nyumba hiyo imejitolea. Wapo wanaochukua mbao sokoni kwa siri. Wakikamatwa, viti vyao hukatwa hadharani. Wasipokamatwa, huwa waheshimiwa.

"Mlango ule ndio miguu ya mbele ya kiti cha mwanetu Tunu," Zamoyoni akadakia. "Fremu za madirisha ni kidato cha kwanza na cha pili. Paa la chumba cha wageni cha tatu na cha nne. Paa la jikoni cha tano. Cha sita ni kiti cha baba yake mwenyewe, alikivunja akampa."

Mzee Kibwana alicheka kidogo. Yeye aliwahi kuwa karani wa serikali kwa vidato viwili. "Siku zangu, shemeji, meza ilikuwa hapa," akasema, akiweka kiganja usawa wa kifua chake. Kazi zote za serikali ya Mwinuko hutolewa kwenye meza moja ndefu katika ukumbi wa Baraza. Anayetaka kazi huenda na kiti chake, hupanda, na akiweza kuweka kiwiko juu ya meza, ameajiriwa. Asipoweza, hakuajiriwa. Hakuna swali jingine. "Basi watu wakawa wengi wenye vidato viwili, viwiko vikabanana, Baraza likaipandisha meza. Watu wakatafuta kidato cha tatu. Ikapandishwa. Sasa ipo kwenye cha saba, na Tunu yupo kwenye cha sita. Fundi anakuja kesho kutwa na msumeno."

"Kukata ile?" Bi Sikujua akaonyesha nguzo kwa kidevu.

"Ndiyo mbao pekee iliyobaki."

"Na mvua?"

Zamoyoni akarudi kwenye ungo wake, akachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa.

Tunu alirudi jioni, kiti mgongoni. Kilikuwa hakiingii ndani kwa urefu, kwa hiyo alikisimika uani. Sheria inasema mwenye vidato sita hashuki kumlaki asiye na kiti, lakini Tunu hakupanda kabisa. Alikiacha pale, akamkumbatia mama yake mkubwa mpaka kanga ikamdondoka.

"Umenenepa, mama mkubwa."

"Wewe umekonda. Huko juu hawapeleki chakula?"

"Wanapeleka kwa upondo. Kinafika kimepoa."

Baadaye, wakiwa wawili wanamenya mihogo, Bi Sikujua akamwuliza lile lililomleta. "Hebu niambie kweli, mwanangu, bila kunipamba. Umepata nini huko?"

Tunu akaacha kisu. "Kidato cha nne ndipo walipotufundisha maji. Yanavyotembea, yanavyokaa, yanavyokasirika yakizibwa. Mama mkubwa, nilikuwa sitaki hata kushuka kula. Nikitazama mtaa huu sasa naona maji yatakapopita kabla mvua haijanyesha. Hilo silibadilishi na paa la mtu yeyote."

"Cha tano?"

"Cha tano walitufundisha yaleyale kwa maneno marefu. Cha sita wakatufundisha majina ya watu waliosema yale maneno marefu."

"Na cha saba?"

"Cha saba hakuna somo. Cha saba ni kufikia meza tu." Akaokota kisu, akaendelea kumenya. "Mfereji wa soko umeziba kwa maranda ya mafundi wa viti. Umejaa tangu kalvati mpaka darajani. Mvua ya kwanza kubwa itaingia sokoni na kwa majirani zetu wote wasio na milango. Nimekwenda Idara ya Maji kuwaambia, wakaniuliza kiwiko changu kiko wapi."

"Waambie kwa mdomo."

"Nilisema kwa mdomo. Mdomo wangu haufiki."

Jirani wa ukuta kwa ukuta aliitwa Mzee Ngwali, na nyumba yake ilikuwa nzima. Ilikuwa na mlango, madirisha, paa la makuti yaliyosukwa vizuri, na hata kibaraza. Hakusomesha mtoto hata mmoja. Mvua zikinyesha, maprofesa wa Mwinuko hushuka kwenye viti vyao, huja kubisha hodi kwake, na yeye huwakaribisha na kuwauliza, mmoja mmoja, kama huko juu kumenyesha pia.

"Umemwona dada yangu alivyokuja?" Zamoyoni alimwambia asubuhi yake ukutani. "Usianze kumjaza maneno yako."

"Mimi nina maneno gani, Bi Zamoyoni? Mimi nina paa tu."

"Na watoto wanaochunga mbuzi za watu."

Bi Sikujua alitarajia jibu la kuchekesha. Mzee Ngwali hakucheka. Alimgeukia mgeni. "Ni kweli anavyosema. Nilikuwa na shamba la migomba kule bondeni, dada. Likatokea shauri la mpaka. Nikaenda Barazani, nikasema, na mwanangu akasema, na jirani yetu mwenye kiti akasema. Yeye alisikika. Sasa nina paa, na migomba anakula yeye. Kwa hiyo mdogo wako si mjinga. Namtania kwa sababu kunyamaza kunanichosha."

Bi Sikujua akaona jambo lenyewe ni gumu kuliko alivyolifikiria akiwa nyumbani. Alikuja amejiandaa kumgombeza mtu, na kila aliyemtazama alikuwa na sababu yake.

Siku hiyo Mzee Ngwali alimchukua Barazani akaone. Ukumbi ulikuwa mrefu kwenda juu kuliko upana wake. Katikati ilisimama meza, miguu yake kama minara, kitambaa chake kikishuka mpaka sakafuni. Kuizunguka waliketi waheshimiwa kwenye viti vyao, vichwa karibu na dari. Mwisho wa meza palitundikwa pazia zito, na nyuma ya pazia, ikasemwa, huketi Bwana Mpimaji, ambaye kimo chake ni kikubwa kiasi kwamba si adabu kumtazama. Husikika sauti yake tu, na huonekana fimbo yake ya kupimia ikichomoza juu ya meza.

Hoja ya siku ilikuwa kwamba meza ipandishwe hadi kidato cha nane.

"Wamezidi," alisema Mheshimiwa Kondo, mtu mwenye shingo ndefu iliyozidi kurefuka kwa kazi. "Wenye vidato saba sasa wamejaa mpaka wengine wanauza karanga. Kidato cha saba kimekosa heshima. Tukipandisha, kitarudi kuwa na maana."

"Kipi kitarudi kuwa na maana, cha saba au cha nane?" aliuliza Mheshimiwa Binti Saburi, ambaye alikuwa na sifa ya kuuliza.

"Vyote viwili."

"Na kwa nini tusiishushe? Karani wa mizani anahitaji vidato saba vya nini? Mizani iko chini."

Minong'ono ikapita kwenye dari. Mheshimiwa Kondo akangoja itulie, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Tukiishusha leo, mheshimiwa, watu waliokwisha kung'oa mapaa yao tutawaambia nini? Mama yangu alilala kwenye mvua miaka yote ya kidato changu cha sita. Nikamwambie kwamba haikuwa lazima?"

Bi Sikujua alikuwa amekwisha kumchukia yule mtu, sasa akashindwa kuendelea.

Mzee Ngwali akazungushia viganja mdomoni, akasema kutoka sakafuni kwa nguvu zake zote kwamba watu waulizwe wanajua nini, wasipimwe viwiko. Aliyasema mara mbili. Katibu wa Baraza akainua kichwa, akasikiliza, akaandika: kulivuma upepo kidogo kutoka chini.

Ni wakati huo kikopo cha ugoro cha Bi Sikujua kilipomponyoka, kikabingirika, kikapita chini ya pazia. Bi Sikujua si mtu wa kuacha ugoro wake kwa serikali. Akainama, akaingia.

Nyuma ya pazia aliketi mzee mfupi, kiti chake kina vidato viwili, miguu yake kwenye karai la maji ya moto, anakula kashata. Mkononi alikuwa na fimbo ndefu iliyounganishwa na mianzi mitatu.

"Bibi, huku hairuhusiwi," akasema kwa kunong'ona.

"Kikopo changu hakikujua." Akakiokota, akamtazama. "Wewe ndiye Bwana Mpimaji?"

Yule mzee akatazama pazia, akatazama kashata yake, akaona hakuna pa kukimbilia. "Ndimi. Mwinjuma."

"Vingapi?"

"Viwili," akasema Bwana Mwinjuma, na masikio yakamwiva. "Nilipoajiriwa vilitosha, mama. Vilikuwa vingi sana wakati ule, niliamkiwa na mji mzima. Kisha wakaanza kupandisha meza, na mimi ndiye niliyetumwa kuipima. Kila ilipopanda nikarefusha fimbo."

"Na hakuna aliyewahi kuchungulia?"

"Walio juu hawainami. Walio chini hawainui pazia." Akamkatia kipande cha kashata. "Usinichome, mama. Nina wajukuu, wawili wapo kidato cha tatu. Chumba changu hakina dirisha tena."

Bi Sikujua akatafuna. Kashata ilikuwa nzuri, yenye hiliki. "Hebu niambie, Bwana Mwinjuma. Sheria ya kiwiko inasema nini hasa? Neno kwa neno."

"Inasema kiwiko kikae juu ya meza."

"Inasema kitu chochote juu ya miguu ya kiti? Pale inapokanyaga?"

Bwana Mwinjuma akafikiri muda mrefu. "Hakuna aliyewahi kutazama huko," akasema.

Kesho yake fundi alikuja mapema na msumeno wake, akaigonga ile nguzo kwa kifundo cha kidole na kusema ni mbao nzuri, haipatikani tena. Zamoyoni alikuwa amekwisha kutoa vyombo chumbani na kuvipanga uani. Wingu lilikuwa limesimama upande wa milimani, zito, rangi ya bilingani. Tunu aliegemea ukuta, amejikunyata.

"Sitaki," akasema.

"Hujui unachosema," mama yake akajibu. "Tumefika hapa halafu tuishie hapa? Vidato sita si kitu. Sita ni kuni."

"Mtalala wapi?"

"Tutalala kwako, ukishapata kazi."

"Na nisipopata? Wakipandisha meza hadi cha nane?"

Zamoyoni hakuwa na mbao nyingine hata ya kufikiria. Mzee Kibwana alikuwa ameshika ile nguzo kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, na hakumtazama mtu yeyote.

"Fundi," akasema Bi Sikujua, "nenda kanywe chai. Ukimaliza, kanywe nyingine. Shemeji, magoti yako yakoje?"

"Magoti, shemeji?"

Akawaeleza. Zamoyoni alisema huo ni utovu wa adabu, tena utawaaibisha mbele ya mji mzima. Bi Sikujua akamwambia kwamba aliyetoa mlango wake na kukaa nyuma ya kanga amekwisha kuzoea kuonekana. Mzee Kibwana akaanza kukunja suruali yake magotini. Walikuwa watatu na kiti kina miguu minne. Wakamwita Mzee Ngwali ukutani, na Zamoyoni ndiye aliyelazimika kumwomba.

"Leo unanihitaji, Bi Zamoyoni."

"Nahitaji mgongo wako. Wewe baki nao mdomo."

"Haya. Nyumba yangu nzima, na mgongo pia mzima. Twendeni."

Barazani hoja ya kidato cha nane ilikuwa inaendelea. Walipita chini, katikati ya miguu ya viti vya waheshimiwa, hakuna aliyewaona. Kando ya meza wakapiga magoti, wakaweka viganja sakafuni, wakatandika kanga migongoni. Tunu akakisimamisha kiti, mguu mmoja kwa baba yake, mmoja kwa mama yake, mmoja kwa mama yake mkubwa, mmoja kwa jirani. Alisita.

"Panda," akasema Zamoyoni, uso umeelekea sakafuni. "Panda kabla sijabadili mawazo."

Akapanda. Bi Sikujua alisikia uzito ukimshukia kidato baada ya kidato, mpaka ukakaa. Haukuwa mzito sana. Alikuwa amekonda kweli, yule mtoto. Kisha juu huko, mbali, likasikika gonga dogo la mfupa juu ya ubao, na Tunu akitaja Idara ya Maji.

Fimbo ikachomoza, ikapima. Ukumbi ukangoja. Bwana Mwinjuma nyuma ya pazia alikuwa usawa wao. Kupitia upenyo aliiona ile migongo minne, na akaona jicho la Bi Sikujua likimtazama.

"Kiwiko kimekaa," akatangaza. "Idara ya Maji. Anaweza kusema."

Tunu akasema. Alisema mfereji wa soko umezibwa na maranda kutoka kalvati mpaka darajani, na wingu lile la milimani halitangoja. Alisema maji yataingia kwanza wapi na baadaye wapi. Hakutumia neno hata moja refu.

Waheshimiwa walimsikiliza kwa upole. Mheshimiwa Binti Saburi alisema kwamba katika miaka yake yote, ni mara ya kwanza mtu kusema neno maji kwenye meza hii. Mheshimiwa Kondo akashukuru, akapendekeza jambo hilo lipelekwe kamati. Likaanza shauri la kamati ipi. Mfereji ni wa maji, lakini soko ni la biashara, na maranda ni ya viti, yaani elimu.

Mvua ikaanza hapo hapo. Ilianza kwa matone makubwa machache kwenye paa la Baraza, kisha ikaja yote.

Sheria ilikuwa inasema kwamba mwajiriwa mpya haondoi kiwiko mpaka mwito wa viwiko umalizike alasiri. Akikiondoa, nafasi imepotea, na kiti kinarudi mwisho wa foleni. Wote wanne walilijua hilo. Goti la Bi Sikujua lilikuwa limeanza kuwaka moto. Kando yake alisikia pumzi za Zamoyoni zikikatika.

"Mama," sauti ya Tunu ikashuka. "Maji yanakwenda sokoni. Nayasikia."

"Kaa hapo," Zamoyoni akasema.

"Wanajadili kamati."

"Kaa, Tunu. Nakuomba. Umefika."

Juu, mtu alikuwa anauliza kama alasiri kutakuwa na chai.

"Na majembe yako nyumbani kwa Mzee Ngwali," akasema Tunu, "na mimi ndiye ninayejua pa kuanzia kuchimba. Nishusheni."

Bi Sikujua aligeuza shingo kadiri alivyoweza, akamwona mdogo wake amefumba macho. Miguu ya mbele ya kile kiti, ile iliyokuwa mlango, ilikuwa imekanyaga mgongo wake na wa mumewe. Alikaa hivyo muda ambao mtu huaga kitu. Kisha akainama, taratibu, magoti, viwiko, tumbo, mpaka mguu wa kiti ukagusa sakafu, na wengine wakafuata, na uzito ukawatoka kidato baada ya kidato.

Wakaondoka mbio, Tunu mbele, baba yake nyuma na suruali yake imekunjwa, Mzee Ngwali akipiga kelele kwamba jembe lenye mpini mwekundu ni la kwake, arudishiwe. Zamoyoni alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni akaitazama meza mara moja, akajifunika kanga kichwani, akatoka mvuani.

Bi Sikujua hakuweza kuinuka. Goti lilikataa. Akabaki ameketi sakafuni karibu na pazia, na kile kiti cha vidato sita kimesimama kando yake, hakina mtu. Hoja ya kidato cha nane ikarudi mezani. Kwa nje alisikia sauti nyingi zikiitana, milio ya majembe kwenye mawe, na baadaye, kutoka upande wa soko, mngurumo wa maji yaliyopata njia.

Alasiri mwito wa viwiko ukaanza. Bwana Mwinjuma alitaja idara, mwenye kiwiko akagonga meza, Bwana Mwinjuma akasema kipo, katibu akaandika. Idara ya Mizani. Kipo. Idara ya Viti. Kipo. Zilikuwa idara nyingi, na zilikwenda haraka.

"Idara ya Maji."

Hakuna aliyegonga. Mvua ilisikika peke yake. Juu, vichwa viligeuka, vikaona pengo, kila kimoja kikangoja kingine kiseme, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinama. Kalamu ya katibu ikangoja.

Nyuma ya pazia Bwana Mwinjuma alimtazama Bi Sikujua. Bi Sikujua hakumkonyeza, wala hakumtisha. Alikuwa anasugua goti lake.

"Kipo," akasema Bwana Mwinjuma.

Katibu akaandika. Mwito ukaendelea kwa Idara ya Barabara.